Kolna ni Nani?

Kwa miezi tisa nilimtafuta mtu anayeitwa Kolna, na nilimtafuta kwelikweli, maana mimi nikishika jambo siachi. Nilikwenda kwa mchungaji nikaomba daftari za ubatizo. Nilipiga simu kwenye makumbusho ya kilimo, nikamsumbua bwana mmoja mpaka akaanza kunijibu kwa kuhema. Jumapili tatu nilizunguka makaburini nikisoma mawe, na kofia yangu ya mvua kichwani, watu wakidhani nimeshikwa na uchungu wa msiba. Hakuna Kolna aliyezaliwa, kuolewa wala kuzikwa pande zetu za Spreewald, mashariki mwa Ujerumani.

Jina lenyewe nililipata kwenye bahasha. Mama alifariki Oktoba. Nilipofungua droo yake ya soksi, chini kabisa nikakuta bahasha ndogo ya kaki, ndani mna mbegu ishirini na sita za tango, na juu yake maneno ya penseli, kwa mwandiko wake wa kubanana: Z. Colna. Hivyo ndivyo nilivyosoma. Lutz, mdogo wangu, naye alisoma hivyohivyo. Tukaona wazi kwamba ni jina la mtu, labda Zenta Colna, mwanamke fulani wa zamani aliyempa Mama mbegu. Basi tango la Mama, ambalo miaka yote halikuwa na jina, tukaliita Kolna.

Nililijua tango lile tangu nina meno. Fupi, nene kiunoni, lenye shingo iliyopinda kidogo. Mwaka ule wa ukame mkali, matango ya kijiji kizima yalipokuwa machungu ya kumkunja mtu uso, la Mama lilikuwa tamu. Na mimi si mtu wa kudanganywa kwa matango. Nimefanya kazi miaka thelathini na miwili kwenye maabara ya kiwanda cha kusindika, nikipima chumvi, nikipima ukali wa siki, nikionja. Nimeonja matango mengi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili timamu, na sijakutana na jingine kama lile.

Misimu miwili ya mwisho Mama alikuwa kitandani, hakupanda kitu. Kwa hiyo zile mbegu ishirini na sita ndizo zilizokuwa zimebaki duniani. Nami nikazipanda zote, baada ya Sofia wa Baridi kupita, sikukuu ya mtakatifu anayefunga baridi, tarehe kumi na tano Mei, maana kabla ya siku hiyo hakuna mtu kwetu anayethubutu kulionyesha tango udongo.

"Zote?" Lutz alishika kichwa. "Dada, wewe na maabara yako yote! Hukubakiza hata tano?"

"Bahasha haina tarehe. Unajua zina umri gani? Nibakize ili zife vizuri zaidi?"

"Mimi ningebakiza."

"Wewe ungezisahau mfukoni zikafuliwa na suruali."

Zikaota tisa. Nilihitaji tunda moja tu, libaki kwenye mche mpaka ligeuke la njano na mbegu zake zikomae, kabla ya baridi ya Septemba. Nisipolipata, tango la Mama limekwisha, na limekwishia mikononi mwangu.

Lile tuta la Mama nyuma ya ghala halikuwepo tena. Lutz anapangisha vyumba kwa wageni wa kiangazi, na mwezi Machi alikuwa amelisawazisha kuwa maegesho ya magari. Sikumwambia neno wakati ule, na najuta. Akanipa mstari wa mwisho kwenye shamba lake, pamoja na mpira wake wa matone, anaojivunia kuliko watoto wake.

"Tone kwa tone," alisema akiupapasa. "Kompyuta inafungua saa kumi na mbili asubuhi, kompyuta inafunga. Wewe kazi yako ni kukaa na kupendeza."

Mimi nikatandaza mabua ya ngano kuzunguka miche, mazito, kama nilivyozoea kuyaona kwa Mama. Kisha nikakaa, ingawa sikupendeza sana.

Katikati ya Juni miche ikagoma. Ilikuwa na majani manne ya rangi ya karatasi ya zamani, na haikuongeza la tano. Mmoja ukatoa kitango cha ukubwa wa kidole, nikakichuma, nikakiuma. Kilikuwa kichungu mpaka masikioni. Nikakitema, halafu nikaona haya, kama nimetemea picha ya Mama.

Lutz naye akaonja kipande, akakodoa macho. "Sasa naamini ni mali ya ukoo. Kichungu kama wewe."

"Cheka. Kuna kitu hapa, na nitakijua."

"Dada, mbegu zimezeeka. Achana nazo. Mwakani nitakupa zangu, zinaota hata juu ya lami."

Sikuachana nazo. Maabara ilinifundisha jambo moja: badilisha kitu kimoja, kisha ukae kimya utazame. Nikachukua rangi zangu tatu za kucha, nikapaka vijiti vitatu. Miche mitatu ya kijiti chekundu niliiondolea mabua, udongo upigwe na jua. Mitatu ya waridi niliachia mabua yake, lakini nikaanza kuilisha kupitia majani. Mitatu ya zambarau sikuigusa.

Chakula cha majani nilikipika mwenyewe kwenye pipa. Upupu niliukata kando ya mfereji, nikauloweka kwenye maji wiki mbili mpaka ukaoza. Harufu yake siwezi kuieleza mbele ya watu wanaokula.

Lutz alikuja amejiziba pua. "Wageni wangu wanauliza kuna mnyama gani amekufa."

"Waambie anaitwa Lutz, mazishi Jumamosi."

Nikauchuja kwa soksi ya Mama, kikombe kimoja kwa vikombe ishirini vya maji, nikajaza bomba la kupulizia. Halafu mimi, mtu wa vipimo, nikapulizia saa saba mchana, jua likiwa utosini, kwa sababu tu sikuweza kusubiri. Kesho yake majani ya mche mmoja yalikuwa yameungua, kahawia pembezoni, na siku ya nne mche ukafa. Ikabaki minane. Nililia, nasema wazi, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na bomba mgongoni.

Tangu hapo nilipulizia alfajiri, umande ukiwa bado, na nilipulizia chini ya jani. Upande huo naujua. Sisi tuliokulia hapa, kila kiangazi tulilala kifudifudi juu ya mabawa ya mashine ya kuchumia, ishirini kwa mpigo, videvu vikiwa karibu na ardhi, trekta likituburuta polepole juu ya matuta. Mtu aliyesimama analiona jani la tango kwa juu, linang'aa, limefunga mlango. Sisi tunajua kwamba huko chini ni laini, lina vinywa.

Siku ya sita miche miwili ya waridi ikaanza kurudisha kijani, kuanzia kwenye mishipa. Ile mitatu ya kijiti chekundu haikuwa ya kijani sana, lakini ilikuwa imenyoosha mikono na kutafuta pa kushika. Ile ya zambarau ilibaki vilevile, imenuna. Nikaelewa. Mabua ni mazuri, yanashika unyevu, lakini nilikuwa nimeyatandaza mapema mno, udongo ungali baridi, nikaufunika na baridi yake. Tena mabua mabichi yakianza kuoza yanakula chakula cha mizizi. Mama alikuwa akitandaza mwishoni mwa Juni, sasa nakumbuka, siku ambazo shule ilikuwa imefungwa nami niko nyumbani kuyaona. Nikayaondoa yote, udongo ukapata joto wiki nzima, nikayarudisha mepesi, nikaendelea kulisha majani kila siku ya tano. Katikati ya Julai miche minane ilikuwa mizuri, mikubwa, inatambaa, imejaa maua.

Nikajiona bingwa kwa muda wa siku nne. Siku ya tano maua yakaanza kudondoka, na tango la kwanza la kula lilikuwa chungu kama lile la mwanzo.

Hapo ndipo udadisi wangu ulipogeuka kuwa kichaa kidogo. Usiku silali, chakulani sisikii. Lutz ananiwekea viazi vya kuchemsha na jibini laini na mafuta ya kitani, mimi namwuliza, "Kimebaki nini?" Udongo nimeutengeneza. Majani yanashiba. Jua lipo. Kimebaki nini?

"Yamebaki maji," alisema mdomo ukiwa umejaa. "Na maji ni maji."

Nikaweka uma chini, nikaenda kutafuta kipimajoto changu. Walinipa siku ya kustaafu, kwenye kiboksi chenye utepe. Kesho yake saa kumi na mbili kamili nilikuwa nimepiga magoti shambani. Udongo chini ya mabua: nyuzi kumi na tisa. Mpira ukaanza kudondosha. Maji yake, yanayotoka moja kwa moja kwenye kisima kirefu: nyuzi kumi. Nusu saa baadaye udongo kwenye mizizi ulikuwa kumi na tatu. Kila asubuhi tulikuwa tukiyamwagia maji ya barafu miguuni, halafu tunashangaa yananuna.

"Yangu yanakunywa hayohayo," Lutz alijitetea, "na hayalalamiki."

"Yako yamezalishwa yasiweze kuwa machungu hata yakitaka. La Mama lina hasira zake."

"Lakini Mama alichota kisima hikihiki! Alikuwa anayapasha jikoni?"

Hilo ndilo lililonishinda. Kisima ni kilekile, pampu ileile, na matango yake hayakuwahi kuwa machungu. Nikawaza, mwenye jibu ni Kolna. Aliyempa mbegu lazima alimpa na namna ya kuzitunza. Na mtu mmoja tu kijijini nilikuwa sijamwuliza kuhusu Kolna.

Bi Jedro ana miaka themanini na minane, nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji, na yeye na Mama hawakusemeshana kwa miaka ishirini na miwili. Walikuwa marafiki wa kufa, wanaimba kanisani kwa Kiwendi, lugha ya wazee wetu kabla ya Kijerumani, benchi moja, kisha siku moja kila mtu na benchi lake. Kwa nini, nyumbani hatukujua. Nilimwogopa. Nikaoka keki ya hamira, yenye siagi na sukari juu, nikavuka daraja.

Nikamwamkia. Alikuwa anajaza mraba wa maneno gazetini.

"Mto wa Siberia, herufi mbili," alisema.

"Ob."

"Hm. Kaa basi. Hiyo keki umeweka zabibu?"

"Sikuweka."

"Afadhali. Mama yako alikuwa anaweka, inakuwa kama imenyewa na panya."

Alikula vipande viwili kabla sijathubutu. "Bi Jedro, ulimjua Kolna?"

"Nani?"

"Kolna. Zenta Kolna, au Zilla. Aliyempa Mama mbegu za tango." Nikampa bahasha.

Alivaa miwani. Akaivua, akavaa nyingine. Akaisogeza bahasha dirishani. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani anaumwa, kumbe anacheka, anacheka mpaka makombo yanamruka.

"Kolna! Ee Mungu wangu! Miezi yote hii unatembea makaburini, nakuona kwenye dirisha langu, nasema yule mtoto amepatwa na nini. Unamtafuta Kolna!"

"Kuna cha kuchekesha?"

"Sogea hapa, kichwa cha kabichi. Hii nukta baada ya Z, ikwangue na ukucha."

Nikakwangua. Ikatoka. Ilikuwa kinyesi cha nzi.

"Na hii l, unaona imepigwa kistari katikati? Wewe ulidhani penseli imeteleza. Hiyo ni herufi kamili, inatamkwa kama w. Na c yetu si k, ni ts. Sasa soma."

Nikasoma polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Z cołna. Z tsowna.

Neno lile nililijua. Nililijua vizuri sana, kwa masikio. Tsown, ndivyo Baba alivyokuwa akisema alipotoka asubuhi, nakwenda kwenye tsown. Mashua. Sikuwahi hata siku moja kuliona limeandikwa.

"Kutoka mashuani," nikasema.

"Kutoka mashuani. Basi. Huyo ndiye Kolna wako."

"Lakini nini kinatoka mashuani? Mbegu?"

"Mimi nitajuaje? Mbegu, samaki, maji. Mama yako alikuwa hapendi kumaliza sentensi."

Nikasimama. Kiti kilianguka, sikukiokota.

"Wee! Unakwenda wapi? Keki haijaisha!"

Baba alikuwa mwendesha mashua, mashua yetu ya mbao, bapa, ndefu, ya kusukuma kwa upondo. Alipokufa, Mama aliiburuta nyuma ya ghala, na kila masika akaijaza maji mpaka ukingoni. Kila mtu alielewa, maana mbao za mashua zikikauka zinasinyaa na kuachana, lazima zinywe. Na kwa kuwa mashua ile haikuwa na wa kuiendesha tena, sisi tulielewa zaidi: maskini, hajaweza kumwacha aende. Kila jioni alikuwa akizunguka nyuma ya ghala peke yake, na birika la kumwagilia mkononi, na sisi tukamwachia nafasi yake ya kuhuzunika. Lutz alifikia hata kutuzuia tusipite huko. Kumbe Mama alikuwa anachota. Mashua pana, kina cha goti, imelala juani kutwa nzima! Jioni maji yake lazima yalikuwa vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto.

Lutz nilimkuta anafagia mlangoni kwa wageni.

"Mashua ya Baba iko wapi?"

"Pale uzioni. Niliimwaga Machi, kila kiangazi ilijaa mbu. Nataka kuipanda maua, wageni wapige picha." Akaniona uso. "Nini tena?"

Nikamwambia. Ufagio ulibaki umesimama mkononi mwake.

"Kwa hiyo hakuwa analia?" akauliza.

"Sijui, Lutz. Labda alikuwa anafanya yote mawili."

Tukaenda kuitazama. Miezi minne ya upepo na jua ilikuwa imeikausha, mianya kati ya mbao ilipitisha kidole changu. Lutz aliingiza chake, akakitoa, akaingiza tena kwenye mwanya mwingine.

Nataka kuwa mkweli. Beseni lingetosha, na lilitosha. Siku ileile nilifunga maji ya mpira wa matone kwenye mstari wangu, nikapanga uani mabeseni ya kufulia, sufuria ya jamu na bafu la plastiki la wajukuu wa Lutz, nikayajaza asubuhi na kumwagilia jioni, kwenye shina, bila kulowesha majani. Kipimajoto kilisema nyuzi ishirini na nne. Miche haikujali maji yanatoka kwenye chombo gani. Lakini Lutz alijali.

Akaizamisha mashua kwenye mfereji, kama Baba alivyokuwa akifanya kila baada ya barafu, mawe ndani yake, ikakaa chini ya maji siku nane. Kila asubuhi alikwenda kusimama pale ukingoni, mikono mfukoni, akiitazama kule chini. Siku ya tisa akaivuta kwa trekta. Nyuma ya ghala, kwenye maegesho yake, wageni watatu waliamshwa waondoe magari.

"Kuna nini hapo?" mmoja aliuliza akiwa na pijama.

"Shamba," Lutz alijibu.

Tukaijaza. Ikavuja kwenye kona moja, akaipaka lami, ikavuja kidogo, na siku ya tatu ikaacha. Mbao zilikuwa zimekunywa na kukumbatiana tena.

Tarehe mbili Agosti nilichuma tango, nikalifuta kwenye aproni, nikasimama nalo. Niliogopa. Nikauma. Lilikuwa tamu, baridi ndani, na ile ladha ya nyuma kidogo kama lozi ambayo hakuna mtu maabara aliyewahi kuniamini nilipoieleza. Nikala lote na shingo yake. Nikacheka peke yangu katikati ya shamba, na nyuki wananizunguka.

Nyuki nao walikuwa tatizo. Wangeniletea chavua ya matango ya Lutz, na mbegu zingekuwa machotara. Nikayafunga maua mawili ya kike kabla hayajafunguka kwa vipande vya soksi ya Mama, na asubuhi yake nikayachavusha mwenyewe kwa brashi ya rangi. Moja lilinyauka. Jingine likashika. Nikalifunga uzi mwekundu wa sufu kwenye kikonyo, ishara kwamba asiliguse mtu, na nikamwambia Lutz nitamkata kidole atakayelichuma, hata awe ndugu.

Likanenepa. Likapauka, likawa la njano, kisha la rangi ya machungwa yaliyochoka, ngozi ikajichora nyavu. Kila jioni nililipelekea maji ya mashua na habari za siku. Septemba kumi na mbili walitangaza baridi inakuja, asubuhi yake nikalikata. Lilikuwa zito mikononi kuliko nilivyotarajia.

Nikalipasua, nyama na mbegu nikaziacha kwenye chupa zichachuke siku mbili, na siku ya kuosha Bi Jedro akaja bila kualikwa, na kigari chake cha kutembelea, akagonga mlango kwa fimbo.

"Nimesikia mnafungua kaburi la Kolna."

"Karibu, Bi Jedro. Kaa."

"Nitasimama. Nataka kuona."

Nilikuwa nimechota bakuli la maji mashuani. Mbegu iliyojaa huzama, tupu huelea, ndiyo kipimo chetu. Nikamimina chupa. Zote zikaelea, zimefunikwa na povu, na Lutz akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia. Nikakoroga kwa kidole. Povu likakatika. Moja ikashuka, kisha tatu, kisha nyingi kwa pamoja, zinateremka polepole zikigeukageuka, zikatanda chini ya bakuli. Zilizobaki juu zilikuwa tano.

Tukazihesabu kwenye kitambaa. Mia moja na kumi na nane. Lutz alipenga kamasi kwenye kitambaa kingine.

Akaleta bahasha mpya na kalamu. "Haya, andika jina. Kolna hayupo. Tuliiteje?"

Nikashika kalamu, nikaitazama bahasha ya zamani, na ndipo nilipojiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo Oktoba. Mama alimwagilia kwa maji ya mashua miaka thelathini, kila jioni. Alihitaji kujiandikia ya nini?

"Unajua kwa nini tuligombana mimi na mama yako?" Bi Jedro aliuliza, kama aliyekuwa ndani ya kichwa changu. Alikuwa ameketi, hatimaye. "Nilimwambia umelea Wajerumani. Nikamwambia, Hanka, mwanao huyo hataweza kusoma hata jiwe la kaburi lako. Akasema, atasoma. Nikacheka. Akanifungia mlango."

Nilikuwa na miaka saba. Mama alinifuata shuleni na mwavuli, akaniita kwa Kiwendi mbele ya wenzangu, nikamwambia, kwa Kijerumani na kwa sauti kubwa, asiniongeleshe hivyo tena. Hakuniongelesha hivyo tena. Miaka hamsini na tatu aliongea nami Kijerumani chake kilichovunjika, cha sokoni, na mimi nilikisahihisha. Alijua nani atafungua droo ile. Alikuwa na penseli na nafasi ya maneno mawili, na hakuyaandika kwa Kijerumani.

Nami nikayafanya jina la mtu, nikamtafuta makaburini.

"Halina jina," nikamwambia Lutz. Nikaandika juu ya bahasha mpya, Z cołna, bila nukta, na kistari kwenye l nikakikoleza mara mbili.

"Soma," Bi Jedro akasema.

Nikasoma.

"Bado nasikia Kolna humo. Tena."

Nikasoma tena.

"Tena," akasema, akavuta sahani ya keki karibu yake. "Na wewe Lutz, acha kujificha nyuma ya dada yako. Fungua mdomo."